Mkwaju wa Koleta

Beseni lilikuwa nyuma ya banda la kuku, limeinama upande mmoja, na ndani yake mlikuwa na mti mkavu usiozidi urefu wa mkono wa mtoto. Koleta alikuwa ametoka kutafuta vijiti vya kuwashia jiko. Alikwisha kulishika tawi ili alivunje alipouona waya mwembamba wa shaba, umezungushwa shinani na kuzama ndani ya gamba. Waya ule aliufahamu. Ulikuwa waya wa simu za reli, na alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na mazoea ya kufunga mti kwa waya wa namna hiyo. Akaliachia tawi upesi, akakaa chini palepale penye kinyesi cha kuku, wala hakuijali kanga yake.

"Kumbe ni wewe," aliuambia mti. "Na mimi nilikuwa nakwenda kukuchoma."

Wazee wa ukoo wao walikuwa na desturi yao. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishaanguka, kilizikwa ardhini na juu yake ukapandwa mti. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, aliuonyesha mti wake, na maneno yakaishia hapo. Lakini Alois, baba yake Koleta, alikuwa stesheni masta, na nyumba za reli hazina mwenyewe. Leo uko Bukene, kesho umepelekwa Kaliua, na kabla hujazoea maji ya kisima umehamishiwa Malongwe. Angezikaje kitovu cha mwanawe katika uwanja wa reli, kisha aje stesheni masta mwingine aukate mti ajengee banda la bata? Basi Alois, mtu asiyekosa jibu lake mwenyewe, alichukua beseni la enameli, akalitoboa kitako kwa msumari, akatia udongo, akazika kitovu humo na kuotesha mbegu juu yake. Alitaka mti wa kuhama nao. Ili usimshinde kubeba, kila baada ya Pasaka aliung'oa na kuipunguza mizizi, na kila ulipojaribu kurefuka aliukata kilele. Wafanyakazi wenzake walimcheka, wakasema stesheni masta amekosa cha kufuga.

"Ule ni wako," mama yake alimwambia Koleta utotoni, siku moja walipokuwa wamesimama mlangoni wakimtazama baba na mkasi wake. "Ni mkwaju. Kitovu chako kimo mle."

Maneno hayo Koleta aliyaishi. Alois hakuwa mtu wa kumpakata binti yake, wala wa kumuuliza ameshindaje. Koleta alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, baba alisema mama ni mgonjwa na nyumba inahitaji msichana, akarudi kusoma gazeti lake. Mambo yakaisha hivyo. Lakini kila jioni baba alikaa na ule mti. Alipangusa vumbi jani moja moja, alikata hapa, alipinda pale kwa waya, na mara nyingine aliunong'oneza. Koleta, asiyeruhusiwa kuukaribia, alisimama mlangoni akivitazama vile vidole ambavyo havikuwahi kumshika kichwani, akajiambia: ananishika mimi. Hajui namna nyingine. Hata mkasi aliusamehe, maana naye alikuwa amekatwa kilele, na alionelea kwamba baba hukata kile anachokipenda. Kwa imani hiyo alikwenda Mwanza akawa fundi cherehani, kwa imani hiyo akazeeka bila mume wala mtoto, na kwa imani hiyo hiyo alifunga banda lake la ushonaji na kurudi Tabora baba alipopatwa na kiharusi.

Mzee Alois alitolewa wodini Kitete akiwa amebaki na upande mmoja wa mwili na maneno matatu: maji, funga, hapana. Walimlaza katika nyumba aliyoijenga Itetemia alipostaafu. Koleta akawa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha uji kwa kijiko, anamfua. Baba alimeza alichopewa, macho yake yakimpita binti yake begani na kutua dirishani, kama mtu aliyeahidiwa mgeni mwingine. Siku moja uchovu ulimzidi Koleta akamuuliza, "Baba, unanijua mimi ni nani?" Mzee alifikiri sana. Kisha akasema, "Funga," na alikuwa na maana ya dirisha.

Kwa hiyo siku ile aliyouona mti nyuma ya banda la kuku, Koleta alijua mara moja anachokitaka. Aliutaka uwe hai. Alitaka kuubeba ukiwa na majani, auweke mbele ya uso wa baba, aone uso ule utafanya nini. Hakuwa na dai jingine juu ya mtu yule, na hilo moja alikuwa amelisubiri tangu utotoni.

Alimwita jirani yao Julieth, mwalimu wa kilimo katika sekondari, mwanamke kijana mwenye haraka zake. Julieth alichuchumaa, akalizungusha beseni, akapiga mluzi.

"Dada Koleta, hii ni bonsai, mti wa kudumazwa kwa makusudi! Wajapani wanazo za mamia ya miaka, wanarithishana kama mashamba. Mzee alijifunza wapi?"

"Hakujifunza popote. Alikuwa anahamahama tu."

Julieth alikwangua gamba la tawi kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akakwangua la pili, vilevile. Akashuka mpaka chini ya shina, karibu na udongo, akakwangua taratibu, na hapo pakatokea mstari mdogo wa kijani hafifu, mwembamba kama uzi.

"Haujafa," alisema. "Unakaribia, lakini haujafa. Ni mti gani huu? Hauna hata jani moja la kuutambulia."

"Mkwaju."

Julieth alilipapasa gamba, lililokuwa jeusi na kupasukapasuka vipande vipande. Alikunja uso kidogo. "Mkwaju?"

"Ni wangu," Koleta alijibu. "Naujua."

"Haya, dada," Julieth alisema, akainuka na kukung'uta magoti.

Alimwelekeza cha kufanya, na Koleta akafanya kwa utaratibu wa fundi anayefumua gauni la mtu lisiloshonwa vizuri. Udongo wa beseni ulikuwa umeshikamana kama tofali. Aliuloweka mpaka ukalegea, akautoa kwa kijiti cha mchongoma, huku akijitahidi asiijeruhi mizizi michache iliyokuwa bado nyeupe. Iliyooza aliikata. Alipokuwa akichambua, alijikuta akitafuta kitovu chake, ingawa alijua ni upuuzi, kwani hakuna kitovu kinachodumu ardhini miaka hamsini. Alichanganya mchanga wa mtoni, udongo wa porini na chenga za mkaa, akaupandikiza mti upya, akauweka kivulini ukutani kwa jikoni na kuufunika gunia lenye unyevu. Waya wa simu aliukata kwa koleo, kipande kwa kipande. Pale ulipokuwa umezama, ulikuwa umeacha kovu lililozunguka shina zima.

Ulikuwa msimu ule mbaya wa Tabora, jua limekausha kila kitu na mvua bado ni habari za redioni. Maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Koleta alimwogesha baba kwa maji kidogo ili mti upate yake. Hilo lilimtia aibu, lakini hakuacha. Asubuhi, kabla ya kumpa baba uji, alikwenda kwanza kufunua gunia. Hakuna kitu. Shangazi Apolinaria, dada yake Alois, aliyekuwa akija baada ya misa kumwangalia kaka yake, alimkuta amechuchumaa pale siku moja.

"Unahangaika na nini tena?"

"Shikamoo, shangazi. Mti wangu huu. Ule wa baba."

"Marahaba," shangazi alisema. Alisimama akiutazama ule mti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mambo mengine ni kuyaacha yalale, mwanangu." Akaingia ndani kwa kaka yake, na hakuugusia tena.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ya kelele nyingi na maji machache, lakini baada yake hewa ilibadilika. Siku chache baadaye Koleta alifunua gunia akaona, chini kabisa ya shina, vichomozo viwili vya kijani vidogo kuliko punje ya mtama. Alipiga kigelegele peke yake jikoni. Kuku wakatawanyika. Alitaka kukimbia ndani, akajizuia. Kwanza ausafishe, baba auone ukiwa nadhifu. Akachukua mkasi wake wa kushonea, ule mzuri wa Mwanza, akayakata matawi yaliyokufa. Yalikatika kwa mlio wa kijiti. Likabaki moja nene juu ya vile vichomozo, nalo akalikata karibu na shina, mahali Julieth alipomwonyesha, mpaka mkasi ukafika kwenye sehemu iliyo hai.

Mti ukatoka damu.

Haukutoa maji wala utomvu mweupe. Ulitoa utomvu mwekundu mzito, uliojikusanya juu ya kidonda kisha ukateremka shinani na kuchora mstari mpaka kwenye udongo. Koleta aliutazama mkasi, akautazama mkono wake, akidhani amejikata. Hakuwa amejikata. Na nani aliyekulia Tabora asiyejua mti unaotoka damu? Vitanda vya harusi ni vya mti huo, milango ya makanisa ni ya mti huo, na mwenye uwezo akifa huzikwa ndani ya mbao zake. Ni mti unaoachia majani yote kiangazi na kusimama porini kama maiti mpaka mvua zirudi. Mkwaju hautoki damu. Alikuwa ameufufua mninga.

Aliuweka mkasi chini. Kisha akalibeba beseni vilevile, damu ikiwa mbichi, akaingia nalo chumbani na kulishusha kwenye kigoda karibu na mto wa baba.

"Baba. Huu ni mti gani?"

Uso aliokuwa ameusubiri aliuona. Ule upande wa uso uliobaki hai ulilegea, jicho likajaa maji, mkono wa kushoto ukainuka na kidole kikagusa kichomozo kimoja kwa upole ambao Koleta aliukumbuka tangu utotoni, aliposimama mlangoni. Kisha mzee akatamka neno la nne, kwa shida, lakini lote na bila makosa.

"Luhende."

Jina hilo Koleta alilijua kwa sababu mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akiliombea misa kila Novemba. Luhende alikuwa kaka yake Koleta, aliyefariki Bukene kwa homa wakati yeye mwenyewe bado ananyonya. Nyumbani halikuwahi kutajwa mbele ya baba. Alimwangalia mzee akiupapasa ule mti, machozi yakimteremkia sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu aje Itetemia hakuyapangusa.

Shangazi Apolinaria hakuwa na pa kukimbilia safari hii. Koleta alimketisha jikoni, akamuuliza bila kuzunguka.

"Mabeseni yalikuwa mawili," shangazi alisema. "La mninga la kaka yako, la mkwaju lako. Alipokufa mtoto, wazee walimwambia Alois mti wa marehemu huteremshwa ardhini, upandwe kaburini kwake. Ndivyo tunavyofanya. Akakataa. Akasema hamwachi mtoto peke yake Bukene."

"Na wangu?"

Shangazi alifumbata rozari yake mkononi. "Mlihamishwa muda mfupi baada ya msiba. Lile la mninga alisafiri nalo mapajani mpaka Tabora, hakumpa mtu alishike."

"Nimekuuliza wangu, shangazi."

"Ulibaki barazani. Mama yako alimkumbusha, akasema atarudi kuuchukua."

"Behewa lilijaa?"

"Sitakudanganya. Behewa halikujaa."

Koleta alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Na mimi nilisafirije? Mapajani kwa nani?"

"Wewe nilikubeba mimi, mwanangu."

Nje kuku walikuwa wakigombania makapi. Koleta aliuliza kwa nini mama alimdanganya, na alipokuwa akiuliza tayari alilijua jibu. Mama alimwona amesimama mlangoni, mtoto mdogo, macho yote kwenye vile vidole. Angempa nini? Akampa alichokuwa nacho, na kilikuwa mali ya mwingine. Sasa hata ile huzuni aliyoizoea Koleta ilikuwa imepokonywa. Miaka yote alijiona ni mti uliokatwa na baba ili ubebeke, kumbe hata mkasi haukuwa wake.

Alikwenda Bukene. Shangazi alibaki na mgonjwa, naye akapanda treni ya Mwanza asubuhi, hakuwa na mzigo wowote. Nyumba ya stesheni masta alionyeshwa na mchoma mahindi. Mwanamke aliyeishi humo alikuwa akianika nguo, akamkaribisha kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baraza hii tuliikuta na sementi, mama," alisema. "Labda zamani sana. Lakini mikwaju hapa ipo mingi, tazama."

Koleta akatazama. Mikwaju ilikuwepo kwelikweli, mikubwa, imejipanga kando ya reli huku na huku mpaka macho yanapochoka. Mwanamke yule alimweleza kwamba abiria hununua ukwaju kwa wachuuzi, wanamumunya, wanatemea mbegu madirishani, na mbegu zinaota zenyewe. Koleta alikumbuka aliyoyasikia shuleni juu ya miembe ya njia ya zamani ya misafara, kwamba iliota pale wapagazi walipotupa kokwa, wakanyanyua mizigo na kuendelea na safari. Alikwenda kutoka mkwaju mmoja hadi mwingine, akishika magamba. Alikuwa tayari kudanganyika. Angeupata mmoja uliosimama karibu na baraza, hata kwa kukisia tu, angeuita wake na kurudi ameridhika. Lakini yote ilikuwa mbali mno na baraza, na hakuna hata mmoja uliomhitaji. Alichuma ukwaju mmoja, akaumumunya. Ulikuwa mchachu kama ukwaju wowote wa sokoni. Mbegu alizitemea mkononi, akazishika mpaka treni ya kurudi ilipoingia, kisha akaziacha zidondoke katikati ya mawe ya reli.

Aliporudi Itetemia aliendelea na kazi zake. Alimwogesha baba kwa maji ya kutosha, alimgeuza, alimlisha. Shangazi alipomwambia mti ule sasa uteremshwe ardhini, marehemu apumzike, Koleta alijibu kwamba mwenye mti yupo kitandani, aulizwe yeye. Beseni aliliweka dirishani, mahali ambapo macho ya mzee yalikuwa yakitua siku zote. Vichomozo vilifunguka vikawa majani, na vingine vikatokea. Julieth alikuja kuupiga picha, akataka kusema kitu kuhusu gamba lile, akamwona Koleta alivyo usoni, akasifia majani tu na kwenda zake.

Lakini mvua haiingii dirishani, na Koleta hakuumwagilia tena. Alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pengine pa kwenda. Kila siku alipita mbele ya beseni na ndoo ya maji mkononi. Udongo ukapauka, ukaachana na kingo za beseni. Majani yakaanza kulegea, kisha kujikunja ncha, na Koleta aliyaona yakijikunja. Baba naye aliyaona.

Mchana mmoja wa joto mzee alisema, "Maji."

Koleta alileta kikombe. Alimwinua shingo kwa mkono mmoja kama alivyozoea, akamsogezea kikombe mdomoni. Mzee akafumba midomo. Koleta akajaribu tena, baba akageuza uso, maji yakamwagikia kifuani. Kisha ule mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka, ukainuka polepole mpaka ukanyooka, kidole kikielekea dirishani.

"Maji," alisema. Akamtazama Koleta machoni. Hakumpita begani safari hii, alimtazama yeye hasa, kwa macho ya mtu anayemsihi mwingine. Ndivyo Koleta alivyokuwa ametamani kutazamwa maisha yake yote.

"Na wangu, baba?" Koleta aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo, ya kitoto. "Wangu ulimwagiliwa na nani?"

Midomo ya mzee ilihangaika. Alilitafuta neno kinywani kwa muda mrefu, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na Koleta aliinama karibu, akangoja, akampa nafasi yote aliyoihitaji.

"Maji," alisema mzee.

Koleta akamlaza kichwa juu ya mto, akamfunika shuka vizuri. Akaenda dirishani. Akamimina nusu ya kikombe kwenye beseni, taratibu, mpaka udongo ukanywa yote. Nusu iliyobaki aliinywa mwenyewe, amesimama palepale mbele ya macho ya baba yake, mpaka tone la mwisho.